Shajara ya mradi: oili ya haidroli ya presi ya moto, Mafinga

2 Juni

Mradi huu ulianzia kwenye gundi. Zamu ya asubuhi inatoa plaiwudi zinazobanduka, hasa zile zilizopikwa kwenye mabamba ya chini ya presi. Zamu ya mchana inatumia gundi ile ile na vinia (tabaka nyembamba za mbao) zile zile, na hakuna mteja anayerudisha mzigo wake. Fundi wa gundi ameitwa ofisini mpaka amechoka kujieleza.

Leo nimekaa kando ya presi na saa ya simu. Tangu mabamba yanapoanza kupanda hadi yote kumi yanapobana, saa moja asubuhi zinapita sekunde 31. Saa nane mchana ni 14. Kitabu cha presi kinataka zisizidi 15. Mabamba yana joto la nyuzi 120, na gundi ya urea ikilazwa juu ya chuma cha moto namna hiyo bila kubanwa huanza kukomaa yenyewe. Presi inapokuja kukandamiza, gundi ya upande wa chini imeshakauka na haina tena cha kushika. Mwenzetu wa gundi hana kosa. Presi inachelewa kubana, na kinachoipandisha presi ni oili.

Bosi ameuliza oili ina shida gani wakati kioo cha tangi kinaonyesha imejaa. Swali zuri. Nimeomba mwezi mmoja, geji mbili na ruhusa ya kufungua tangi.

4 Juni

Tangi la presi linabeba lita 800. Hakuna anayejua kwa hakika lina nini. Lebo ya kiwandani ilishafutika, na daftari la matengenezo linasema tu "imeongezwa haidroli, madumu mawili", ukurasa baada ya ukurasa.

Stoo nimekuta pipa la 68 lililofunguliwa, nusu pipa la 46, na pipa la oili ya injini ya 10W ambayo watu wa loda huitumia kwenye mikono ya mashine yao. Nimemuuliza mama wa stoo ni ipi inayokwenda kwenye presi.

"Fundi, mimi natoa kilichoandikwa kwenye fomu. Fomu inasema haidroli. Zote hizo ni haidroli."

Hana kosa naye. Fomu ndiyo yenye kosa.

Niziweke wazi namba hizi, maana zinabeba mradi wote. 32, 46 na 68 ni mnato wa oili, yaani ubishi wake wa kutiririka, kwa kipimo cha sentistoki oili ikiwa na joto la nyuzi 40 za Selsiasi. Kiwango ni ISO 3448, nacho kinaruhusu tofauti ya asilimia 10 juu na chini: oili ya 46 inaweza kuwa popote kati ya 41.4 na 50.6. Namba haisemi chochote kuhusu ubora. Haisemi kama oili ina viungo vya kuzuia chuma kulika, wala kama inaachana na maji upesi. Na kubwa zaidi, inazungumzia nyuzi 40. Mafinga tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, tumezungukwa na misitu ya Sao Hill, na Juni asubuhi hakuna kitu karakana hii chenye nyuzi 40 isipokuwa chai.

7 Juni

Nimefunga kipimajoto kwenye tangi na geji ya mvuto kwenye bomba linaloingia pampuni. Pampu na tangi vimejengewa kibanda nje ya ukuta, upande upepo unakotokea. Aliyepanga hivyo alitaka kuviweka mbali na moto wa presi, na kwa hilo alifikiri vizuri. Ila usiku kibanda kinapoa kama kichaka.

Jumatatu baada ya mapumziko ya Jumapili, oili ina nyuzi 8. Siku nyingine asubuhi ni 12 au 13. Mchana, presi ikiwa imepiga mizigo mfululizo, inafika 65. Oili ile ile kwa siku moja inatoka 8 inakwenda 65, na sisi tunataka ifanye kazi sawasawa kwenye ncha zote mbili.

Geji ya mvuto ndiyo iliyonifungua macho. Asubuhi inasoma baa 0.35 (baa ni kipimo cha kanieneo) chini ya hewa ya nje, na pampu inapiga mluzi. Kitabu cha pampu kinataka isizidi 0.2. Watu husema pampu inavuta oili, lakini hasa inaacha nafasi tupu, na hewa ya nje ndiyo inayoisukuma oili iingie kwenye nafasi hiyo. Sasa kwa urefu wetu huu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo presi ambayo ingekuwa Kurasini ingekuwa na robo zaidi ya msukumo huo bure. Sisi tuna hewa nyepesi na oili nzito. Pampu haishibi, vipovu vinazaliwa ndani ya oili na kupasukia kwenye chuma, chuma kinachimbika, na oili inayofika kwenye silinda ni pungufu. Ndipo sekunde 31 zinapotokea.

Mluzi ule nilikuwa nauona kama tabia ya mashine. Opereta wa asubuhi anauita "kuimba".

10 Juni

Chujio la mvuto limetolewa na kuoshwa. Lilikuwa na ngozi nzima ya ute wa kahawia uliochanganyika na unga wa mbao. Baada ya kulirudisha, geji ya asubuhi imeshuka hadi 0.27. Ni nafuu ya kweli ila haitoshi. Tunaendelea.

12 Juni

Sampuli. Nimeichukua presi ikiwa kazini na oili ikiwa ya moto, katikati ya tangi, kwa mpira mpya na chupa safi. Ukichukua sampuli asubuhi kwenye koki ya chini unapata matope na maji yaliyotua, halafu unaogopa bure. Ukichukua juu juu unapata habari njema za uongo.

Kabla ya kuituma nimefanya jaribio la bati: tone moja juu ya bati la moto, kama nyuzi 150. Oili kavu hutandaa kimya na kutoa moshi. Yetu imetatarika. Maji yapo. Kiasi gani, maabara itasema.

Chupa imepanda basi kwenda Dar es Salaam. Konda alidhani ni asali na akataka kujua bei.

20 Juni

Majibu yamerudi. Ninaandika yale yanayohusu uamuzi tu.

Mnato kwa nyuzi 40 ni 57. Hii 57 haimo kwenye daraja lolote: 46 inaishia 50.6 na 68 inaanzia 61.2. Tangini kuna mchanganyiko wa miaka, kila zamu imeongeza kilichokuwa karibu. Maji ni sehemu 900 katika milioni. Oili ya aina hii ikiwa baridi haiwezi kuyeyusha hata nusu ya kiasi hicho, kwa hiyo mengine yanazurura kama matone na kutua chini ya tangi. Silikoni iko juu, dalili ya vumbi. Shaba ipo, kidogo, na sikuipenda: huenda kuna kipande cha mashine kinacholika.

Usafi: 23/21/18. Hizi ni namba za ISO 4406, zinazohesabu chembe kubwa kuliko maikroni 4, 6 na 14 katika mililita moja (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kila namba ikipanda moja, chembe zinakaribia kuongezeka mara mbili. Kwa pampu yetu ya vani, yenye vipande bapa vinavyotoka na kurudi ndani ya rota huku vikiparuza ukuta wake, ninataka angalau 19/17/14. Kutoka 23 hadi 19 ni hatua nne. Maana yake tuna chembe kama mara 16 ya zinazokubalika.

Maji yametoka wapi? Nimezunguka nyuma ya stoo na jibu limesimama pale: mapipa yamesimamishwa wima, nje, na masika ndiyo kwanza yameisha. Kifuniko cha juu cha pipa ni sahani. Maji ya mvua yanakaa pale. Mchana jua linalipasha pipa, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kidogo kupitia uzi wa kizibo. Usiku linapoa, linavuta, na safari hii linavuta maji. Pipa linaweza kuwa na kizibo kilichokazwa vizuri na bado likanywa. Tumeyalaza yote chini ya paa, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia ili oili iviloweshe kwa ndani.

Njia ya pili ni tangi lenyewe. Joto la 65 mchana na 8 usiku: hewa iliyo juu ya oili inatokwa jasho kwenye bati la tangi kila usiku. Kipumulio cha tangi kilikuwa kitambaa kilichofungwa kwa waya. Kimeagizwa chenye chujio na chembe za kunyonya unyevu.

23 Juni

Muuzaji amekuja kutoka Mbeya. Mtu mcheshi, ana daftari zuri. Ushauri wake ulitoka kabla hajaiona pampu: 68, kwa sababu mashine nzito inataka oili nzito. Mzee wa boila, ambaye yuko hapa tangu mashine ya kwanza, alitikisa kichwa kukubali. Nikamwamkia, nikamwambia mzee, kwa heshima zote, leo nitakupinga.

Nguvu ya presi inatokana na kanieneo na upana wa silinda. Oili ikiwa nyepesi au nzito, baa 200 ni baa 200. Kazi ya mnato ni kuweka utando kati ya chuma na chuma ndani ya pampu, na kuziba nafasi ndogo ndogo ili oili isirudi nyuma. Watengenezaji wengi wa pampu wanataka oili ikiwa kazini iwe kati ya sentistoki 16 na 36 hivi. Ikishuka chini sana, utando unakatika na pampu inavuja kwa ndani. Ikipanda sana, haiingii pampuni. Kwa kuwasha ikiwa baridi, kitabu cha pampu yetu kinaweka ukomo wa 860, na huo ni ukomo wa kuwasha bila mzigo, si ruhusa ya kuanza kazi.

Nimekokotoa kwa joto letu, 8 na 65, na kuchora kwenye ubao wa karakana. Oili ya kawaida ya 68 inakuwa kama 520 asubuhi na 24 mchana. Ya 46 ni kama 300 asubuhi na 17 mchana. Ya 32 ni kama 185 asubuhi, raha tupu, lakini mchana inaanguka hadi 13, na hapo pampu inalia kwa sababu nyingine. Muuzaji alitazama ubao muda mrefu. Ushauri wake wa 68 ungefaa kabisa kwa kiwanda cha pwani ambako oili haijawahi kuona nyuzi 8 maishani.

Kuna mlango wa nne. Kila oili ina kielelezo cha mnato, namba inayoonyesha inavyovumilia mabadiliko ya joto: kikiwa kikubwa, oili haigandi sana ikipoa wala haiwi maji sana ikipata moto. Oili ya haidroli ya kawaida ina kama 100. Zile za daraja la HV zinafika 140, 150 na zaidi. Ya 46 yenye 150 kwa hesabu yangu inakuwa kama 240 asubuhi na 19 mchana.

Sasa niseme ninavyoona. Kutoka 300 hadi 240 si muujiza. Wauzaji wa oili za HV huzungumza kama vile zinafuta majira ya baridi. Hazifuti. Zinakupa nafasi kidogo kila upande, na kwa presi inayobanwa na ncha zote mbili nafasi kidogo kila upande ndiyo tunayoihitaji. Iliyobaki lazima itoke kwenye hita asubuhi na rejeta ya kupooza oili mchana.

Kuhusu herufi kwenye lebo, nimewaandikia watu wa manunuzi karatasi. DIN 51524 sehemu ya 2 ni HLP, oili yenye viungo vya kuzuia kulika. ISO huiita HM. Sehemu ya 3 ni HVLP, ile ile ikiwa na kielelezo kikubwa. ISO huiita HV. Tunataka hiyo ya pili, daraja la 46. Tusiletewe HLPD. Hiyo ina sabuni inayoyashika maji na kuyatawanya ndani ya oili. Ina kazi zake kwingine, lakini sisi tunataka maji yashuke chini ya tangi tuyatoe kwa koki. Kwa sababu hiyo hiyo ile 10W ya loda isisogee presi: oili ya injini imetengenezwa iubebe uchafu. Loda waendelee nayo kama kitabu chao kinavyoruhusu.

Zinki tumeizungumza kidogo. Viungo vya kuzuia kulika mara nyingi ni vya zinki, navyo vinaipenda pampu ya vani. Baadhi ya pampu za pistoni zenye madini laini ndani yake hazivitaki, na ndiyo maana zipo oili zisizo na zinki. Kwetu zinki ibaki. Ila isichanganywe na isiyo na zinki. Viungo vikigombana, hasa kukiwa na maji, vinaganda na kuziba filta.

27 Juni

Kikao cha moto. Meneja wa usalama ameuliza kwa nini tusiweke oili isiyoshika moto, kwa kuwa mpira ukipasuka kwa baa 200 oili inatoka kama ukungu na pembeni kuna mabamba ya moto na vumbi la mbao. Hoja nzito. Ya maji na glaikoli inahitaji pampu ipunguziwe mzigo, haitaki joto zaidi ya 60 hivi, na rangi ya ndani ya tangi huenda ikabanduka. Ile ya esta inaingia kirahisi zaidi, bei yake ndiyo iliyotutoa mlangoni. Tumekubaliana: oili yetu ya kawaida, ya madini, ibaki, mipira yote iliyo usoni mwa mabamba ivishwe ngao za bati, na swichi ya kuzima pampu ihamishiwe mlangoni.

2 Julai

Manunuzi wamepata "46" ya bei ya kutupa. Pipa halina namba ya toleo, lebo inasema haidroli na picha ya katapila. Nimeomba karatasi ya vipimo vya oili hiyo. Muuzaji akasema itakuja kwa WhatsApp, ikaja picha ya karatasi ya oili nyingine. Imerudi ilikotoka. Hatuwezi kukataa mapipa kwa sura peke yake, kwa hiyo sasa kuna masharti: alama ya TBS (Shirika la Viwango), namba ya toleo, karatasi ya vipimo yenye mnato wa nyuzi 40 na wa 100, na lakiri isiyoguswa.

Iliyonunuliwa ni HV 46, mapipa manne ya lita 208. Bei yake imezidi ile ya kawaida kwa karibu theluthi. Bosi alisaini akiwa ameshika kipande cha plaiwudi iliyobanduka.

5 Julai

Kumwaga. Tumemwaga ikiwa ya moto, mara baada ya presi kusimama, ili uchafu utoke nayo. Silinda zimeshushwa hadi mwisho zirudishe zilichobeba. Pamoja na hayo sehemu kama ya kumi inabaki kwenye mabomba na matumbo ya silinda. Hakuna mchawi wa kuitoa bila kufungua kila kitu. Kwa hesabu, sehemu moja ya 57 kwa tisa za 46 inatupa 47, tunaimudu.

Chini ya tangi kulikuwa na vidole viwili vya tope. Vijana walikuja na matambara na nikayazuia mlangoni: nyuzi za tambara ndizo zinazokwenda kukaa kwenye valvu. Tumetumia unga wa ngano uliokandwa ukanata, unabandika kitonge kwenye bati na kukitoa na vumbi lake. Njia ya kizamani, na sijaona inayoishinda. Mzee wa boila alichungulia tangini, akauliza mboga iko wapi.

Foleni ya watu wanaotaka oili chafu ilianza kabla hatujafunga koki. Huku kila mtu ana nguzo ya kupaka dhidi ya mchwa. Ninajua inavyosaidia, na ninajua pia inavyoshuka ardhini hadi kisimani. Imewekwa kwenye mapipa, imeandikwa, inasubiri mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira. Nimepoteza marafiki wawili watatu getini.

6 Julai

Kujaza. Oili mpya haimwagwi tangini, inapitishwa kwenye toroli la kuchujia, filta ya maikroni 10. Kijana mmoja aliinua chupa ya oili mpya kwenye mwanga, akasema hii inang'aa, tunachuja nini. Jicho la mtu linaishia kama maikroni 40. Yanayoila pampu ni madogo kuliko hapo. Pipa jipya limepita kwenye mitambo, malori na mikono, na kwa kawaida halifikii usafi tunaoutaka.

8 Julai

Asubuhi, tangi nyuzi 9. Pampu imewashwa bila mzigo. Geji ya mvuto 0.19. Mluzi upo ila wa mbali. Kubana: sekunde 19.

Ni bora kuliko 31 na bado haitoshi. Ndiyo zamu ya hita. Lita 800 zina uzito wa karibu kilo 700. Hita ya kilowati 4 inahitaji zaidi ya saa moja kuzitoa 8 hadi 20. Tumechagua yenye uso mpana, isiyozidi wati 1 kwa kila sentimita ya mraba, maana hita fupi kali inaikaanga oili iliyo karibu nayo na kuacha masizi. Mlinzi ataiwasha saa kumi na moja alfajiri. Nimemwachia karatasi yenye mshale.

11 Julai

Hita inafanya kazi. Asubuhi nyuzi 20, mvuto 0.12, kubana sekunde 15. Opereta amelalamika kwamba presi haiimbi na anahofia imeharibika.

Mchana tatizo lilikuwa bado 65. Tumefungua rejeta ya oili: mapezi yake yameziba kwa unga wa mbao kama blanketi. Upepo wa kompresa kutoka nyuma, brashi laini, nusu saa. Joto la mchana limeshuka hadi 56. Oili inazeeka upesi kadiri inavyopata moto, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada zinakata umri wake nusu. Kwa hiyo ile nusu saa huenda imetuongezea karibu mara mbili ya maisha ya mapipa manne. Nikipewa kiwanda kingine na hela ya kitu kimoja, nitaanza na rejeta kabla ya kugusa oili.

15 Julai

Silinda ya kushoto inatoka jasho shingoni. Nilitarajia. Oili nzito iliyochanganyika na tope huwa inaziba sili (pete za kuzuia uvujaji) zilizokwisha. Ukiweka safi na nyepesi, uchakavu unajitangaza. Sili zimebadilishwa Jumapili.

Kijana aliyekuwa akitafuta uvujaji kwenye mpira alipitisha mkono. Nimepiga kelele mpaka wa boila wakasikia. Tundu la sindano kwa baa 200 linaichoma oili ndani ya nyama bila maumivu makubwa mwanzoni, na watu hupoteza vidole kwa kungoja hadi kesho yake kwenda hospitali. Kuanzia leo uvujaji unatafutwa kwa kipande cha boksi.

30 Julai

Sampuli ya pili imerudi. Mnato 46.8. Maji 150. Usafi 19/17/14. Zamu ya asubuhi haijarudishiwa mzigo tangu hita iwashwe, na fundi wa gundi ameacha kunisalimia kwa mashaka.

Jambo moja la kufuatilia: oili za HV zinapata kielelezo chao kutokana na polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, na pampu inazikata taratibu. Ikitokea mnato ukashuka chini ya 41, tutakuwa tumelipia HV na kubaki na oili nyepesi ya kawaida. Sampuli inayofuata ni Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza kuongeza maji kwenye hesabu.

5 Agosti

Fomu ya stoo imebadilishwa. Neno haidroli peke yake halikubaliki tena. Kuna nafasi ya daraja, ya HM au HV, na ya jina la mashine. Mapipa yana mikanda ya rangi: bluu ya presi, njano ya loda. Kila rangi ina pampu yake ya mkono na dumu lake, na mama wa stoo ameyafunga kwa kufuli ambazo funguo zake hatoi hata kwangu bila fomu.

Wiki ijayo tunahamia kwenye mashine ya kumenya magogo. Pampu yake ni ya pistoni, hivyo suala la zinki linarudi mezani. Kitabu chake kiko kwa Kichina na tangi limeandikwa "oili" kwa chaki. Kipimajoto kimeshafungwa tangu jana jioni.